Kuanza Kulala na Mashine ya CPAP

Mashine ya CPAP (kifupi cha Kiingereza chenye maana ya msukumo wa hewa usiokatika), ambayo Dkt. Colin Sullivan na wenzake waliieleza huko Australia mwaka 1981, husukuma hewa puani kupitia barakoa ili koo lisizibe mtu anapolala. Usianzie usiku: vaa barakoa mchana, mashine ikiwa imewashwa, huku ukisikiliza redio, mpaka pumzi yako iuzoee msukumo huo. Mikanda irekebishe ukiwa umejilaza, kwa kuwa uso hubadilika umbo kidogo mtu akilala. Hewa ikivuja kuelekea machoni, usikimbilie kukaza. Ivute barakoa mbele kidogo, kisha iache ijikalishe upya. Tangi la mashine linaloipa hewa unyevu litie maji yaliyokenekwa (yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa), kamwe yasiwe ya betri ya gari. Kiwango cha msukumo kibadilishwe na daktari wako tu.