Ukitaka ukweli wa betri ya sola, ipime alfajiri

Betri yangu ya kwanza niliiua mwenyewe ndani ya miezi tisa, na muda wote huo taa ya kijani kwenye kontrola, kile kiboksi kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda kwenye betri, ilikuwa inawaka. Nina kibanda cha kunyoa huku kijijini Handeni. Nguzo za umeme zimeishia barabara kuu. Nina mashine mbili, redio, taa nne na simu za watu za kuchaji. Jioni nikiona kijani nafunga roho ikiwa safi. Siku moja mashine ikazima mteja kanyolewa upande mmoja. Alirudi kwake na kofia, akaja kumaliziwa kesho yake.

Kosa langu lilikuwa saa ya kuangalia. Taa za kontrola, na hata vile vipau vya betri kwenye kioo, mara nyingi vinafuata volti tu. Mchana jua linasukuma volti juu: betri inayopokea chaji itakuonyesha 13.5 na zaidi wakati bado haijajaa. Usiku ukiwasha vitu inashuka, hata kama imejaa. Ni kama kumpima mtu presha akiwa ndiyo kwanza kafika kileleni mwa mlima.

Kwa hiyo iache ipumzike. Mimi nazima kila kitu saa nne usiku na kupima saa kumi na moja alfajiri, kabla paneli haijaona mwanga. Testa ya kawaida, ile mita ya kupimia volti, inatosha. Iweke kwenye volti za DC, alama ya 20, waya mwekundu chanya, mweusi hasi. Gusa kichwa chenyewe cha betri, usiguse klipu wala skrubu, maana ule unga mweupe wa kutu unaweza kukupa namba ya uongo.

Kwa betri ya maji (ya risasi na asidi) ya volti 12, iliyopumzika, 12.7 ni imejaa. Ukikuta 12.4 au 12.5, iko robo tatu hivi. 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki kama robo, na 11.8 tayari unaiua. Zile zilizofungwa, zisizoongezwa maji, husoma juu kidogo, kama 0.1 hivi.

Mpaka wangu ni 12.2. Nikiiona namba hiyo, hakuna simu ya mtu inayochajiwa mpaka saa sita mchana, na wanaonuna wanune. Usisubiri kontrola ikukatie. Ya kwangu ilikuwa inakata kwenye 11.1, na kufikia hapo betri imeshakwenda mbali mno.

Kama betri yako ina vifuniko vya kuongezea maji, nunua na haidromita, kipimo cha uzito wa maji ya asidi yaliyomo. Ni ile bomba ya kioo yenye mpira wa kuminya na kielezo kinachoelea ndani. Vuta maji ya chumba kimoja kimoja, vyote sita. Karibu 1.265 imejaa, karibu 1.190 ni nusu. Faida yake ni hii: chumba kimoja kikiwa chini ya wenzake kwa 0.050 hivi, hicho ndicho kinachougua, na testa peke yake isingekuambia. Usipime ukiwa umetoka kuongeza maji, bado hayajachanganyika. Vaa miwani, na weka magadi soda karibu. Suruali yangu moja ina matundu ya asidi mpaka leo.

Betri ya lithiamu ni habari nyingine. Jirani yangu anayeuza soda baridi anayo, akaja kuniazima testa. Haikumsaidia, kwa sababu volti za lithiamu hazitembei: kati ya asilimia 80 na 40 tofauti ni 0.1 au 0.2 tu, halafu mwishoni zinaporomoka ghafla. Huyo anahitaji mita yenye shanti, kipande cha chuma kinachofungwa kwenye waya wa hasi na kuhesabu ampia zinazoingia na kutoka. Fundi alimfungia, mita ikasema asilimia 100 siku tatu mfululizo huku friji ikizimika usiku. Tulipofungua boksi tukakuta hasi ya inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo, imekwenda moja kwa moja kwenye betri. Umeme wote wa friji ulikuwa unapita pembeni, hauhesabiwi. Hasi zote, ya kontrola, ya inveta, ya taa, zikae upande wa pili wa shanti. Upande wa betri uwe na waya mmoja tu. Kisha iambie mita ukubwa wa betri yako kwa Ah (ampia-saa), na kila baada ya siku chache ijaze kabisa ili hesabu ianze upya, maana huwa inapotea kidogo kidogo.

Jambo la mwisho ni daftari. Kwetu anaandika binti yangu wa darasa la sita: tarehe, volti, jana kulikuwa na jua au mawingu. Mwaka huu baada ya masika namba zilitoka 12.6 zikafika 12.3, na jua lilikuwa kali. Nikaanza kuhesabu hela ya betri nyingine. Kupanda juu ya bati nikakuta mwarobaini umenawiri na mvua, tawi linafunika kona ya paneli kuanzia saa nane. Nililikata Jumamosi, na Jumatatu alfajiri binti akaandika 12,5. Nukta anaiandika kama mkato, nimemwacha.