Kabla hujapanda boti kwenda Maulidi Amu na kikohozi chako

Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi huku Amu (Lamu), umekaribia na najua watu mshaanza kufunga mabegi. Ya kawaida nayapitia mbio: beba barakoa, manake kwenye boti ya kutoka Mokowe mwakaa goti kwa goti. Beba kikombe chako. Dawa za presha na sukari usiziache nyumbani. Na ikiwa una homa sahii, ahirisha, Maulidi huja kila mwaka.

Jengine ni taulo, na hapa naomba mnisikize. Mwaka juzi nilikuja kutoka Malindi nimetoka kuumwa, homa ishakatika siku tatu, kumebaki kikohozi na jicho moja jekundu lina matongotongo, nikasema nshapona. Kwa shangazi tulikuwa watu kumi na nne, magodoro yameshikana mpaka mlangoni, na mimi sanitaiza hainitoki mkononi nikiamini siambukizi mtu. Lakini msalani palikuwa na taulo moja la kijani kwenye msumari, sote twafutia uso hilo hilo, mimi na jicho langu. Siku ya nane shangazi, na yeye ana pumu, akaanza kuumwa na koo, ikaja homa, kisha kifua kikawa chapiga mluzi, usiku wa kumi tukampeleka hospitali akatiwa oksijeni. Wakamtia kijiti cha pamba puani, sampuli ikapelekwa Mombasa, jibu likarudi: adenovirasi.

Sikuwahi kulisikia hilo jina. Kumbe kirusi chajulikana tangu 1953, na wengi wakihesabu ni cha watoto. Kwa watu wazima ni kweli si wengi, ukipima mia wenye mafua na kikohozi, wenye hiki mara nyingi hawafiki kumi. Lakini walaze watu wazima pamoja uone. Makuruta wa jeshi la Marekani waliugua kambini kwa aina ya 4 na ya 7 ya kirusi hiki mpaka kutoka 1971 wakawa wapewa chanjo ya vidonge, chanjo ikaacha kutengenezwa, ugonjwa ukarudi, vikarudishwa 2011. Ni vya wanajeshi, mimi na wewe hatuvipati. Na nyumba ya shangazi siku zile ilikuwa kambi vile vile.

Sanitaiza usiitegemee. Hiki kirusi hakina lile ganda la mafuta, kwa hivyo spiriti haikiui vizuri kama inavyoua cha flu, na juu ya kitu kikavu chaweza kukaa hata wiki kadhaa. Nawa kwa sabuni na maji yatiririkayo, vitasa na mabomba pangusa kwa jiki, na kila mtu awe na taulo lake, hata mke na mume. Tena homa kukatika si kwamba huambukizi, bado kirusi wakitoa mwilini siku nyingi, na aliyekipata huchukua siku 2 mpaka 14 ndio augue, kwa hivyo wewe ushaondoka zako, mwenyeji ndio aanza.

Amoksilini za dukani usinunue, haziguzi kirusi.

Penye mzee, mwenye pumu au mtoto mchanga, ukikohoa lala kwengine, omba hata barazani. Madirisha yafunguliwe. Na mtu akianza kuvuta pumzi kwa tabu musingoje kukuche, hasa mulioko vijijini Matondoni na Kipungani, boti ya usiku itafuteni mapema na namba ya nahodha muwe nayo kwenye simu.