Kupima usalama wa binadamu: anza na yule mama, si na polisi

Ukipewa kazi ya kupima usalama wa binadamu nchini, utaletewa kwanza takwimu za polisi. Zipokee, uziweke kando. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1994 ilitaja nyanja saba za usalama huo, uhalifu ukiwa sehemu tu: uchumi, chakula, afya, mazingira, usalama wa mtu binafsi, wa jamii na wa kisiasa. Kila moja ichagulie viashiria viwili au vitatu, basi. Niliwahi kuweka arobaini, nikashindwa kueleza ni kipi kilichoshusha alama.

Chakula kina njia iliyonyooka: FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ina maswali manane, kuanzia hofu ya kukosa chakula hadi kushinda siku nzima bila kula. Kwa afya, hesabu kaya ambazo matibabu yanakula zaidi ya asilimia 10 ya matumizi yake.

Usalama wa mtu binafsi ndio mgumu. Mauaji kwa kila watu 100,000 yanahesabika. Kipigo cha nyumbani mara nyingi hakifiki kituoni. Wilaya yenye kesi chache yaweza kuwa ndiyo yenye hofu kubwa. Hapo dodoso halina mbadala. Nilimuuliza mama mmoja, "Giza likiingia, unatoka peke yako?" Akatazama mlango kwanza, ndipo akajibu. Tangu siku hiyo sikubali mtu ahojiwe mbele ya wenzake wa nyumbani.

Majibu yachambue kwa wilaya, jinsia na umri. Kisha yalete kwenye kipimo cha 0 hadi 1: kwenye kila thamani ondoa kiwango cha chini, kisha gawanya kwa tofauti ya kiwango cha juu na cha chini. Palipo na madhara, kama vifo, ambapo namba kubwa ni mbaya, ondoa jibu hilo kwenye 1. Mipaka hiyo usiibadilishe kila mwaka, la sivyo hutaweza kulinganisha.

Sasa kuunganisha. Wilaya yenye chakula 0.9 na usalama wa mtu 0.1 ina wastani wa 0.5, sawasawa na yenye 0.5 kwa 0.5. Si haki hata kidogo! Zidisha, kisha tafuta kipeuo cha pili: ya kwanza inashuka hadi 0.3. Kwa nyanja saba, kipeuo cha saba.

Ukichapisha, weka alama zote saba kando ya hiyo moja. Mkubwa wako akitaka namba moja tu, mpe ya chini kabisa, pamoja na jina la nyanja yake na wilaya ilikotoka.