SOMO: Moyo wa chura, adrenalini na kalsiamu (soma kabla hujaniuliza)

Wiki hii pekee, kuhusu jaribio la kutia dawa kwenye moyo wa chura uliotolewa mwilini, nimeulizwa mara nne: "Moyo unapiga lakini dawa haifanyi kitu, shida nini?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hapa.

1. Kibali cha kamati ya maadili kwanza. Chura auawe haraka, na mtu aliyefunzwa.

2. Fungua kifua, chana mfuko wa moyo, ingiza kanula (mrija mwembamba) kwenye sinasi ya vena (mfuko unaopokea damu inayorudi kwenye moyo), funga uzi, kata moyo utoke.

3. Unganisha kanula na chupa ya maji ya Ringer (maji ya chumvi yanayouweka moyo hai), na ncha ya ventrikali (chumba cha moyo kinachosukuma damu nje) na wenzo wa kuandikia mapigo. Andika kwenye karatasi kama sistoli (moyo unapojikaza) inaelekea juu au chini. Utasahau.

4. Maji ya Ringer. Hapa tulieni. Kwa lita moja: sodiamu kloridi gramu 6.5, potasiamu kloridi 0.14, sodiamu baikaboneti 0.2, kalsiamu kloridi 0.12. Mimi mwaka wa kwanza nilichanganya baikaboneti na kalsiamu zikiwa bado nzito, kabla ya kujaza maji. Zikafanya weupe kama uji mwepesi. Nikasema si kitu, nikachuja, nikaendelea. Ule weupe ulikuwa kalsiamu yangu, nimeiacha kwenye karatasi ya kuchujia! Moyo ukawa dhaifu, nikatia kafeini, haukushtuka, nikaandika kwenye ripoti kwamba kafeini haina nguvu. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo: kalsiamu iwe ya mwisho, ikiwa imeyeyushwa pembeni, imiminwe polepole huku ukikoroga, maji yakiwa karibu kujaa. Halafu soma lebo ya kopo. Gramu 0.12 ni ya kalsiamu kloridi kavu. Ile yenye molekuli mbili za maji inataka 0.16. Na msitumie maji ya bomba. Ringer mwenyewe, daktari wa London, alidhani chumvi tupu inatosha kuupigisha moyo, mpaka mwaka 1883 alipotambua kwamba maji yake yalikuwa ya bomba na yana kalsiamu.

5. Rekodi mapigo ya kawaida. Adrenalini mikrogramu 1, safisha, subiri mapigo yarudi. Kisha kalsiamu kloridi ya asilimia 1, mililita 0.2. Adrenalini huongeza kasi na nguvu. Kalsiamu huongeza hasa nguvu. Ukizidisha kalsiamu, moyo hukaza na kusimama kwenye sistoli.

6. Badilisha maji, weka ya Ringer yasiyo na kalsiamu, kisha tia adrenalini ileile. Hakuna kitu. Adrenalini hufungua zaidi milango ya kalsiamu kwenye seli. Kama nje hakuna kalsiamu, mlango uko wazi na hakuna anayeingia.

MASWALI

— Kaka, nimefuata zote, bado haifanyi.
Ulipima kalsiamu ya kopo gani?
— Ile ya kwenye rafu.
Hatua ya 4.

— Maji ya betri yanafaa?
Yaliyokenekwa, ndiyo. Lakini dukani wengine wanaita "maji ya betri" hata ile asidi. Uliza vizuri, dada.

— Mwalimu, kwa nini chura, si panya?
Swali zuri. Moyo wa panya, kwa njia ya Langendorff ya 1895 (kupitisha maji kwenye mishipa ya moyo uliotolewa), unataka nyuzi 37 na oksijeni bila kukatika. Umeme ukizima hapa Kampala, moyo umekwisha. Wa chura unapiga kwa joto la chumba. Tena seli zake zina akiba ndogo ya kalsiamu ndani, zinategemea ya nje, ndiyo maana hatua ya 6 inaonekana upesi.

— Naweza kutia kahawa badala ya kafeini? Robusta yetu ni kali.
Kweli, robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Lakini kahawa ina potasiamu pia, na potasiamu hulegeza moyo. Utapima vita vya wawili. Tumia kafeini safi.

— Na mairungi (miraa)? Mimi nikitafuna moyo unaenda mbio.
Wewe nenda kliniki. Kwa wengine: kathinoni, kichocheo cha mairungi, hufanya miisho ya neva itoe noradrenalini, kwa hiyo kwenye moyo uliokatwa inategemea miisho iliyobaki hai. Ukiwa na propranololi (dawa inayoziba vipokezi vya adrenalini), jaribu: itazuia adrenalini, kalsiamu itapita.

— Adrenalini yangu ina rangi ya waridi.
Imeharibika. Mwaga, vunja ampuli mpya, na uifunike na karatasi ya foili.