Virusi vya Windows vikiangukia kwenye Linux: ninavyosafisha flashi za wateja Ng'ong'ona

Kijana mmoja wa mwaka wa tatu UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) aliingia dukani kwangu ameshika flashi kwa vidole viwili, kama mtu aliyembeba nge. "Samahani dada, usiichomeke kwenye mashine yako. Itakufa."

Nikaichomeka. Akafumba macho.

Mashine yangu inatumia Linux Mint, mfumo wa kompyuta ninaoutumia badala ya Windows. Dirisha likafunguka, faili zake zikatokea, na katikati yake zikaonekana shotikati kumi na moja. Zilikaa pale kama abiria walioshushwa stendi ya Nanenane saa nane usiku: basi limeshaondoka na hawajui waelekee wapi. Kijana akafumbua jicho moja, halafu la pili, kisha tukacheka wote wawili. Ripoti yake ya utafiti ilikuwepo nzima, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Na huyu kijana alikuwa ametoka kwa fundi mahali pengine ambaye alimwambia dawa ni kuformati tu, yaani kufuta flashi yote na kuiandaa upya.

Kwa hiyo kabla ya hatua yoyote: usiformati kwanza. Mara nyingi kirusi cha flashi hakijafuta kitu. Kimeficha tu.

Kwa nini hakikufanya lolote? Programu ya Windows imefungwa kwa muundo uitwao PE, ya Linux kwa muundo uitwao ELF. Linux ikipewa faili ya .exe bila msaada wa programu nyingine haijui pa kuanzia. Shotikati nayo (faili inayoishia na .lnk) ni barua tu ya kumwambia Windows "nenda kamwite fulani", na huyo fulani hapa hayupo.

Hatua ya 1: Ijue flashi yako ni ipi

Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika:

`lsblk`

Utaona orodha ya diski na ukubwa wake. Kwenye mashine nyingi flashi huwa sdb1, ila usikariri. Kama diski ya ndani ni ya NVMe (aina ya diski ya kasi), yenyewe huitwa nvme0n1 na flashi ndiyo inakuwa sda. Angalia ukubwa, kisha chomoa flashi, rudia amri, uone ni jina gani limetoweka. Inachukua nusu dakika, na huko mbele kuna amri inayofuta kila kitu. Ukikosea herufi moja tu, unafuta kompyuta yako mwenyewe. Mfano wangu utatumia sdb1.

Hatua ya 2: Ifunge isiandikwe

`sudo umount /dev/sdb1`
`sudo mount -o ro,noexec /dev/sdb1 /mnt`

Herufi ro zinamaanisha kusoma tu. Hakuna kitakachobadilika kwenye flashi ya mteja, hata mkono wako ukiteleza. Noexec inazuia kitu kilichomo kisiendeshwe moja kwa moja kutoka humo.

Hatua ya 3: Tazama kilichofichwa

`ls -laQ /mnt`

Windows ina alama mbili ambazo kirusi huzibandika kwenye folda za mtu: iliyofichwa, na ya mfumo. Zikibandikwa zote mbili, mwenye flashi haoni kitu hata akiwasha kuonyesha faili zilizofichwa, mpaka aondoe na tiki nyingine. Linux haizijali alama hizo inapoonyesha flashi ya FAT32, muundo wa kuhifadhi faili unaotumika kwenye flashi nyingi. Kila kitu kinakaa peupe.

Kuna ujanja mmoja unaowatesa sana watu. Baadhi ya virusi hivi hutengeneza folda ambayo jina lake ni nafasi tupu isiyokatika, herufi namba 160, halafu vinahamishia mali yote ya mteja humo. Ile Q kwenye amri huzungusha kila jina kwa alama za kunukuu, kwa hiyo hata folda inayoonekana haina jina utaigundua ikiwa kati ya alama hizo. Ukiikuta hiyo, mwite mteja aje aone. Ripoti ya yule kijana ilikuwa humo.

Hatua ya 4: Nakili vyote

`mkdir -p ~/wateja/leo`
`cp -r /mnt/. ~/wateja/leo/`

Nakili na shotikati, nakili na virusi vyenyewe. Kuchagua ni baadaye. Na zile alama za kuficha hazisafiri kuja kwenye diski ya Linux, kwa hiyo ugonjwa mmoja umeshapona njiani.

Hatua ya 5: Chambua

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ninapopapenda kuliko kwingine. Usiamini jina la faili wala picha yake. Iulize faili yenyewe:

`cd ~/wateja/leo`
`file *`

Amri hii inasoma mwanzo wa faili, haiangalii jina. Kitu kinachoitwa Matokeo.pdf kikijibu "PE32 executable", hayo si matokeo. Unaweza kuthibitisha kwa macho yako:

`head -c 2 "Matokeo.pdf"`

Programu ya Windows itakujibu MZ. Hizo ni herufi za jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft aliyebuni muundo wa faili hizo enzi za DOS, mfumo wa Microsoft wa kabla ya Windows. Hati ya Word ya .docx itajibu PK, kwa sababu ndani yake ni faili ya zip, na zip ilibuniwa na Phil Katz. PDF halali huanza na %PDF. Nilipomweleza yule kijana akasema, "Kwa hiyo dada, mwizi anatembea na kitambulisho kifuani?" Ndivyo hasa. Faili ya .exe isipokuwa na zile herufi mbili, Windows haiiendeshi.

Sasa isome ile barua iliyomo kwenye shotikati:

`strings -e l "Ripoti.lnk"`

Windows huandika maneno mengi kwa herufi za baiti mbili mbili, ndiyo maana ya ile -e l. Bila hiyo utapata vipande visivyosomeka. Ukiona cmd.exe au wscript na jina la faili inayoishia na .vbs (programu ya Windows iliyoandikwa kama maandishi ya kawaida), umempata mhusika. Mara nyingi barua hiyo hiyo, baada ya kumwita kirusi, humfungulia mtu folda yake halisi. Anaona kazi zake zipo, anaendelea bila wasiwasi, na kila flashi atakayochomeka siku hiyo inaambukizwa.

Kisha ita mashahidi, yaani antivairasi iitwayo ClamAV:

`sudo apt install clamav`
`clamscan -r -i ~/wateja/leo`

Hifadhidata ya ClamAV ni zaidi ya MB 100, kwa hiyo angalia bando lako, na usubiri imalize kujisasisha ndiyo uskani. Bado usiiachie uamuzi wote. Virusi vidogo vya .vbs hubadilishwa kila mara na huwa vinaipita. Sheria yangu ni hii: .lnk, .vbs, .exe na autorun.inf ambavyo mteja mwenyewe havitambui, vinatoka. Virusi vilivyojificha ndani ya hati za Word ni somo refu. Kwa leo, hati ikiomba kuruhusiwa makro (amri zilizomo ndani ya hati), mwambie mteja akatae.

`find . -iname '*.lnk' -delete`

Iendeshe kwanza bila neno -delete, usome orodha, ndipo uirudie nalo.

Hatua ya 6: Flashi safi

Sasa ndiyo unaformati, mteja akiwa ameshaziona faili zake kwenye skrini na kukubali kwa mdomo wake.

`sudo umount /mnt`
`sudo mkfs.vfat -F 32 -n KAZI /dev/sdb1`

Ichomoe, ichomeke tena, rudisha faili, andika sync (amri ya kumalizia kuandika kwenye flashi), na usubiri amri irudi kabla ya kuitoa. FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4. Video ndefu ya harusi itakataa.

Mzee aliyetaka kumwona mdudu

Mwalimu mstaafu wa Nkuhungu alisafishiwa flashi yake akalipa, lakini hakuondoka. "Binti yangu, huyu mdudu amenisumbua miezi mitatu. Nataka nimwone akifanya kazi."

Inawezekana, kupitia Wine. Wine ni programu iliyoanza mwaka 1993 inayoiwezesha Linux kuendesha programu za Windows. Ila sikiliza vizuri: Wine si uzio. Kwa kawaida huipa programu herufi Z: inayoelekea kwenye diski yako yote, na huunganisha folda ya nyaraka na nyaraka zako halisi. Virusi vya kuteka faili, kama WannaCry ya Mei 2017 iliyodai dola 300 kwa bitcoin, vinachohitaji ni kusoma na kuandika faili, na hilo Wine inalitoa. Kwa hiyo usijaribu kwenye mashine ya kazi. Mimi nina laptop kuukuu ambayo haina faili ya mtu yeyote, na naizima intaneti kabla ya kuanza. Amri hizi zinatengeneza Windows ya bandia ndani ya folda iitwayo kikapu, kisha zinaiondolea ile Z:.

`export WINEPREFIX=~/kikapu`
`wineboot`
`rm ~/kikapu/dosdevices/z:`

Kisha fungua winecfg (mipangilio ya Wine) ukate viungo vya folda za nyaraka na picha, chomoa flashi zote, na uweke sampuli ya kirusi ndani ya ~/kikapu/drive_c.

Tukakiendesha. Wine ikajibu kwamba MSVBVM60.DLL haipo. Kirusi kile kiliandikwa kwa Visual Basic 6, na bila maktaba hiyo (faili ambayo programu za lugha hiyo huitegemea) hakiwezi hata kuamka. Windows huja nayo. Wine haina.

Mzee akanitazama. "Amekuja kuvunja nyumba na hana nyundo?"

"Anaomba tumwazime, mwalimu."

"Mwazime. Tumwone."

Kirusi kilikuwa kimeshakufa, kwa hiyo niliwasha intaneti, nikaipata maktaba kwa winetricks (programu ya kuiongezea Wine vitu kama hivyo) kwa jina la vb6run, nikazima tena. Safari ya pili kikaamka. Kikajinakili kwenye drive_c/windows, kikajiandikisha ili kianze kila kompyuta inapowashwa. Rejista ya Wine, yaani daftari lake la mipangilio, ni maandishi ya kawaida, kwa hiyo niliifungua user.reg na mzee akavaa miwani, akasoma mstari ule kwa sauti, polepole, kama anasahihisha insha. Kisha nikaandika:

`wineserver -k`
`rm -rf ~/kikapu`

"Amekwisha?"

"Amekwisha, mwalimu."

Akaomba nimwandikie amri zile mbili kwenye karatasi, ingawa nyumbani anatumia Windows. Nikamwandikia.

Kabla mteja hajatoka mlangoni

Muulize: flashi hii huwa unaichomeka wapi? Yule kijana nilisahau kumuuliza, na kesho yake alirudi na flashi ile ile na shotikati kumi na moja zile zile. Chanzo kilikuwa laptop ya mwenzake chumbani. Tuliiwasha kwa flashi ya Linux Mint bila kusakinisha kitu, tukaiskani diski yake ya Windows kutoka nje, tukamkuta .vbs amekaa ndani ya AppData, kwenye folda ya Startup, ambako programu huanza zenyewe mtu akiingia kwenye Windows. Tulipomtoa huyo, na Windows ikaskaniwa tena kwa antivairasi yake yenyewe, ndipo flashi ilipokaa safi.