Ndege kubwa ya rimoti: ijue kwanza ikiwa juu
Wewe wa Arusha unayetaka kuiacha ndege ya kujifunzia na kurusha kubwa zaidi, fikiria kutua kabla ya injini. Hapa tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa karibu asilimia 13, kwa hiyo bawa linahitaji mwendo zaidi ili libebe. Ile ndogo ilikusamehe. Kubwa, tena nzito, ikipungukiwa mwendo hulalia bawa moja ghafla na kuporomoka. Ipandishe juu sana, punguza nguvu taratibu, uone inapoanza kulegea, ili unapotua usishuke chini ya mwendo huo. Mimi hurudia mara tatu nne, mpaka vidole vizoee.

Na kabla haijaruka, pima kama uzito wake umelingana mbele na nyuma: iinue kwa ncha za vidole mahali mwongozo wake unapoelekeza; pua ikinyanyuka, sogeza betri mbele kwanza.