Usishike mchi wa mochi bila kibali: kwa wadogo zangu mnaosoma Taiwan

Ukifika Hualien, mashariki mwa Taiwan, utasikia sauti ya kinu na moyo utarudi nyumbani. Wanatwanga mochi. Mchele wa kunata hulowekwa usiku kucha, hupikwa kwa mvuke, kisha hutiwa kwenye kinu cha mti ukiwa wa moto na kupondwa mpaka punje zipotee, libaki donge jeupe linalovutika. Hukatwa vipande, huviringishwa kwenye karanga zilizosagwa na sukari au ufuta mweusi, na huliwa siku ileile. Usiweke kwenye friji, itakauka.

Mimi ni mtoto wa Tanga, kinu nakijua. Ndicho kilichoniponza.

Kulikuwa na bibi mwenye kibanda karibu na nilipopanga. Mchele wake aliununua kwa wakulima wa hapohapo, ule wa punje fupi za mviringo. Wa punje ndefu, aliniambia, ni wa zongzi, vile vifurushi vya majani ya mianzi. Siku moja nikamwona mkono unamuuma, nikampokea mchi. Jumamosi iliyofuata nikarudi, na iliyofuata tena. Hakunilipa hata senti. Alinipa chakula cha mchana na boksi la mochi.

Mwezi wa pili wakaja wakaguzi.

Sikilizeni hapa vizuri. Nilijitetea kwamba sikulipwa, namsaidia mzee tu. Nikajibiwa kwamba kazi ni kazi, iwe na malipo au isiwe nayo. Sheria yao ya ajira inamtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali dola za Taiwan 30,000 hadi 150,000, na inaamuru aondoke nchini. Aliyempa kazi hutozwa 150,000 hadi 750,000. Mimi nilipigwa faini na kuondoshwa, masomo yakakatika. Lakini kinachoniuma hadi leo ni bibi yule. Faini yake ilikuwa kubwa kuliko yangu, na kosa lake ni kunikaribisha.

Narudia: "nasaidia tu" haikuokoi. Kula chakula cha mwenye kibanda badala ya mshahara hakukuokoi. Kwetu ukikaa kwenye mgahawa wa jirani ukakuna nazi, hakuna anayekuuliza karatasi, na likitokea neno utamwendea mjumbe mkayamaliza. Kule hakuna mjumbe wa kumwendea.

Kibali chenyewe si kigumu: unaomba mtandaoni Wizara ya Kazi kwa pasipoti, kitambulisho cha ukaazi na cha chuo, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni itakusaidia. Ukikipata, muhula ukiendelea mwisho ni saa 20 kwa wiki. Likizo za chuo hazina kikomo hicho. Tazama tarehe ya kuisha. Kikiisha Ijumaa, Jumamosi usiguse mchi.

Na nyie mama wadogo na wajomba, nawapenda, lakini acheni kumwambia mtoto "wewe nenda tu, vibarua utavikuta hukohuko." Mnamsukuma shimoni bila kujua. Mwulizeni kwanza kama kibali kimetoka.

Watu wa Taiwan ni wakarimu kweli. Ukisahau mkoba kwenye basi, usishangae ukikuta dereva amekutunzia. Ukarimu huo ndio uliofanya nisahau kwamba nipo ugenini. Naiheshimu sheria yao, inawazuia matajiri kuwanyonya wageni. Ila naona wamekosea kutotenganisha mnyonyaji na ajuza aliyepokewa mchi.

Ukitaka kujifunza kutwanga, lipa uingie darasa la wageni kama mteja, na utunze risiti. Na ukiitwa "njoo tusaidie," hata na rafiki wa darasani, piga kwanza 1955, simu ya bure ya mambo ya kazi. Inapokelewa usiku na mchana, na Kiingereza wanakisikia.